Krismasi ukweni bila kulipuka: jibu kwa mama wa Kimara

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 39, naishi Kimara, Dar es Salaam, nina watoto watatu. Mume wangu ni wa Rombo na kila Desemba tunapanda kwao. Mimi natokea Songea, mila za kule nimezikuta ukubwani. Krismasi ya mwaka jana nililipuka mbele ya wakwe. Wifi yangu alisema neno jikoni, nikamjibu vibaya, sufuria ikaanguka, watu wakakusanyika. Hatujasemeshana mpaka leo. Mwaka huu tunasafiri tarehe 21 na tayari usingizi umeanza kunipotea. Nimeona kwenye simu watu wanafundisha kufumba macho na kufuata pumzi. Nilijaribu dakika 20 nikasinzia, siku nyingine nikawaza ada tangu mwanzo hadi mwisho. Nifanyeje nizipite sikukuu hizi nimetulia bila kujifanya? Na mambo ya kufuata pumzi hayapingani na imani? Mimi ni Mkatoliki.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza habari ya sufuria, umenieleza watu walivyokusanyika, ila neno lenyewe alilolisema wifi yako hukuliandika. Sidhani kama umelisahau. Nadhani ukilitazama leo kwenye karatasi linaonekana dogo, halilingani na ule moto uliowaka. Wengi wanaokuja kwangu Januari kutafuta ushauri wako hivyohivyo. Wanakuja na ugomvi wa tarehe 25 au 26, na ukiwauliza chanzo wanataja chumvi, au kiti, au mtoto aliyerukwa soda zilipogawiwa. Kisha wanainamisha kichwa na kujiita watu wabaya.

Wewe si mtu mbaya. Ulikuwa umejaa kabla neno halijatoka, na nataka tuanzie hapo, kwa sababu anayeanza kuutafuta utulivu wakati wifi ameshafungua mdomo ameshachelewa.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa alama, kila tukio kwa kadiri linavyomlazimu mtu kujizoesha hali mpya. Kufiwa na mwenzi kulipewa 100, kuoa au kuolewa 50. Krismasi nayo imo, na watu hushangaa wakiiona ilipo: alama 12, ya pili kutoka mwisho. Lakini tazama kwenye orodha hiyohiyo vitu vinavyoongozana nayo. Kubadilika kwa usingizi ni 16. Kubadilika kwa chakula 15. Kubadilika kwa mikutano ya familia 15. Mvutano na wakwe 29. Hali ya fedha kubadilika 38. Ukijumlisha na zile 12 za sikukuu unapata 125, na mumeo akipigwa tochi pale Same kwa mwendo kasi, kosa dogo la kisheria lina 11 zake. Sisemi kwamba Krismasi ni nzito kuliko msiba. Alama hizo zilitokana na maoni ya Wamarekani wa wakati ule, na hesabu yake hufanywa kwa miezi mingi, haifanywi kwa wiki moja. Ila inakuonyesha kwamba sikukuu yenyewe ni nyepesi. Kilichokulemea ni msafara wake.

Hebu turudi nyuma ya sufuria kwa siku mbili. Safari yako sikuiona, lakini nami niliolewa Marangu na barabara ile naijua. Mtu anatoka Dar saa tisa usiku ili aikwepe foleni ya Kibaha, na usiku huo hajalala kwa sababu alikuwa anapanga mabegi na kukaanga maandazi ya njiani. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Mtoto mmoja anatapika, mwingine anauliza tumefika. Malori yanakuja yamewasha taa, dereva anataka kuyapita, na wewe mguu wako unakanyaga breki isiyokuwepo. Zaidi ya kilomita 500, halafu Himo mnaacha lami kuu mnaanza kupanda. Mnafika giza limeingia. Nyumba imejaa, unapewa godoro moja na watoto wawili. Saa kumi na moja alfajiri unasikia kuni zinapasuliwa, na wewe ni mke wa nyumba hiyo, huwezi kubaki kitandani. Kisha jua linachomoza na siku ya pili ndiyo inaanza.

Ubongo ukiona hatari hupiga kengele mwilini. Adrenalini humwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasita kusaga chakula. Walter Cannon wa Harvard aliieleza hali hii zaidi ya miaka 100 iliyopita: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Kengele hiyo haichagui sana. Lori lililohama upande wake na sauti ya wifi iliyojaa dharau, zote mbili huipiga. Na ikishapigwa haizimiki mara moja, homoni nyingine kama kortisoli hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya lori kupita. Ikipigwa tena na tena siku mbili mfululizo, juu ya mwili usiolala, unafika jikoni ukiwa umebakiza tone moja kumwagika. Wifi yako alilitia hilo tone. Anastahili kuulizwa kwa nini alilitia, nitafika huko, lakini mtungi hakuujaza peke yake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuujua mtungi wako, yaani mahali ambapo mwili wako unatangulia kukuambia. Kila mtu ana pake. Mimi ni taya: meno yanakutana na sijui yamekutana saa ngapi. Nimekutana na mama ambaye masikio yake huwa ya moto, na mzee ambaye vidole vya miguu hujikunja ndani ya kiatu. Jikumbushe ile asubuhi. Kabla hujamjibu wifi, mabega yalikuwa wapi? Pumzi ilikuwa inafika tumboni, au inaishia kifuani? Wiki hizi mbili kabla ya safari, kila ukikasirika hata kidogo, kwa mtoto, kwa bosi, kwa kondakta, jiulize mahali hapo ni wapi. Ukipafahamu umepata nafasi ya sekunde chache ambayo mwaka jana hukuwa nayo. Sekunde hizo chache zinatosha.

Zinatosha kwa kuwa kuna kitu kimoja mwilini ambacho kinajiendesha chenyewe na bado kinakutii ukikiamuru, nacho ni pumzi. Fanya jaribio hili sasa hivi unaposoma. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, pale manesi wanapopima mapigo. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukisubiri kidogo utasikia kwamba unapovuta mapigo yanakaribiana, na unapotoa yanaachana. Ni neva ya vegasi inayofanya hivyo, ile inayoshuka kutoka ubongoni kupitia shingo hadi moyoni na tumboni. Ni kama breki, na unapotoa pumzi unaikanyaga. Ndiyo maana wanaosema “vuta pumzi ndefu” wanakupa nusu ya dawa. Nusu yenye nguvu ni kuitoa. Vuta kwa kuhesabu hadi 4, toa kwa kuhesabu hadi 6, kama unayepuliza kahawa ipoe. Mara tano. Haifiki dakika moja, wala hakuna atakayejua unafanya nini.

Sasa kuhusu zile dakika 20 zako. Ulisinzia kwa sababu ulikuwa na usingizi, na mwili uliokosa usingizi ukiukalisha kimya utachukua haki yake. Hukushindwa. Ila sidhani kama mama wa watoto watatu, mwezi wa Desemba, aanze na kukaa dakika 20 amefumba macho. Anza na pumzi tatu. Ukiwa umesimama kwenye basi la mwendokasi umeshika bomba, kila kituo kati ya Kimara na mjini, pumzi tatu za kutoa polepole. Ukifungua bomba la maji, tatu. Simu ikiita kabla hujapokea, moja. Mwili unajifunza kwa kurudiarudia wakati hakuna hatari, kama vile mtu anavyojifunza kuogelea kabla mashua haijazama.

Jambo la pili ulilonalo ni akili kuhama. Mwili uko jikoni Rombo, akili iko benki Dar es Salaam inalipa ada ya Januari. Hakuna aibu hapo, akili ya kila mtu huhama. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, jinsi ya kuirudisha akili mahali mwili ulipo. Mojawapo ya mazoezi yake ya kwanza ni zabibu kavu: unaishika, unaitazama mikunjo yake, unainusa, unaiweka ulimini, na baada ya hayo yote ndipo unaitafuna. Wewe zabibu huihitaji. Asubuhi ya sikukuu utawekewa mbele yako beseni la ndizi mshare, na watu 40 wanasubiri machalari.

Zimenye hizo ndizi kana kwamba ndiyo kazi pekee uliyonayo duniani. Paka mafuta viganjani kwanza, usikie yanavyoteleza kati ya vidole. Kata kichwa na mkia. Pitisha ncha ya kisu kwenye ule mgongo wa ganda, kutoka juu hadi chini, kisha ingiza kidole gumba chini ya ganda na usikilize linavyoachia. Utomvu utatoka, mweupe mwanzoni, na baada ya muda utaona kingo za kucha zimekuwa nyeusi. Itumbukize kwenye maji isibadilike rangi. Chukua nyingine. Kwenye ndizi ya tatu au ya nne akili itakuwa imeondoka, imekwenda kwa wifi, imekwenda kwenye gauni la mtoto. Siku utakayogundua “aha, nimeondoka” ndiyo siku umefanya zoezi. Kugundua kwenyewe ndiyo kazi. Wengi hudhani zoezi ni kutokuwaza, wakiona wamewaza wanajilaumu, na kujilaumu huko kunakuwa wazo la pili juu ya la kwanza. Wewe rudi tu kwenye ndizi iliyo mkononi. Ukirudi mara hamsini, umefanya mara hamsini.

Najua kuna atakayesema hii ni kumpa mwanamke dawa ya kuvumilia kazi ambayo wanaume walipaswa kusaidia. Hilo nalikubali. Kazi za jiko la sikukuu zigawanywe, vijana wa kiume wamenye ndizi na wabebe maji, na mbuzi kuchinjwa saa moja asubuhi hakumzuii mtu kuosha vyombo saa nane. Lakini utakapofika tarehe 22 jiko litakuwa kama lilivyo, na mimi nataka uwe na kitu cha kushika siku hiyohiyo.

Umeuliza habari ya imani. Mazoezi haya, kwa namna yanavyofundishwa hospitalini leo, yana mizizi katika mafundisho ya Wabudha. Kabat-Zinn aliyafundisha bila ibada wala sala yoyote ndani yake. Kutoa pumzi polepole hakuna dini, ni kazi ya mapafu na moyo uliyoumbwa nayo. Na ujuzi wa kurudi unao tayari. Unaposali Rozari, katikati ya Salamu Maria akili haikimbii? Inakimbia, na punje iliyo kati ya vidole inakurudisha. Umelifanya hilo tangu Komunyo ya kwanza. Kama bado una shaka moyoni, muulize paroko wako, wala usifanye kitu kinachokunyima amani. Na usiku wa tarehe 24, kwenye Misa ya mkesha, ukipata dakika tano za kukaa kabla umati haujajaa, zitumie kukaa tu. Usipange chakula cha kesho kichwani.

Nirudi kwa wifi na lile neno. Chukua karatasi, liandike, kisha andika chini yake ulijisikiaje, na nakukataza kuandika “hasira”. Hasira ni mlango, nataka kujua aliyeko nyuma yake. Kiswahili kina maneno mengi kwa ajili hii, tuyatumie: nilidharauliwa, nilionewa, nilifedheheka, nilijiona mgeni, nilionea wivu, nilichoka, nilisononeka. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia huku wakipiga picha za ubongo wao. Waliopewa kazi ya kuitaja hisia kwa neno, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo ni mojawapo ya wapigaji wa ile kengele, ilipunguza kelele zake. Sisi washauri tuliliona kabla ya mashine: mtu akilipata neno lenyewe, mabega yanashuka mbele ya macho yako. Nadhani, na nisahihishe kama nimekosea, kwamba neno lako litakuwa karibu na “mgeni”. Umeolewa miaka yote hiyo, unapika, unatoa, unasafiri, na bado jikoni unaelekezwa kana kwamba umekuja jana. Hiyo inauma. Inauma kwa haki.

Ukishalijua neno, una cha kusema ambacho hakiangushi sufuria. Na hapa unielewe vizuri, maana umesema hutaki kujifanya. Kunyamaza huku meno yamekazana si utulivu, ni kuhamisha ugomvi kutoka jikoni kwenda tumboni mwako, na utarudi nao Kimara. Ukiguswa tena, pumzi moja ndefu ya kutoa, kisha sentensi fupi kwa sauti ya kawaida: “Wifi, hilo limeniuma. Tutaliongea kesho asubuhi tukiwa wawili.” Basi. Kisha endelea na kazi ya mikono yako, au nenda ukachote maji. Usilieleze, usilipambe, usimtaje mama yake. Jizoeze sentensi hiyo kwa sauti ukiwa bafuni kwako, mara kumi, hadi ulimi uizoee.

Kuna mtu ambaye humtaji kabisa kwenye barua yako isipokuwa kusema ni wa Rombo, naye ni mumeo. Nitasema ninachoamini baada ya miaka mingi ya kusikiliza kesi hizi: magomvi mengi ya wifi na mke wa kaka yao ni kimya cha kaka kinachoongea. Yeye yuko nje na wazee, ana kata ya mbege mkononi, amefurahi kufika kwao, na anategemea wanawake watapatana wenyewe. Mketishe kabla ya tarehe 21. Usianze na lawama za mwaka jana. Anza na hesabu.

Hesabu hiyo ifanyeni kwa kalamu. Ada za Januari zitoke kwanza, zikae mahali ambapo hamtazigusa. Kisha mafuta na nauli, kisha vitu vya kupeleka nyumbani, sukari, mchele, kanga ya mama, na kisha kiasi cha kikao cha ukoo. Kikao kile cha tarehe 26 ndicho kinachowatoa watu jasho, kwa sababu mchango unatajwa hadharani na mtu anaona haya kutaja kidogo mbele ya ndugu waliokuja na magari makubwa. Kubalianeni idadi mkiwa Kimara, na yeye ndiye aitaje kule, kwa mdomo wake, kama uamuzi wenu wote wawili. Akisema mke, ataitwa mchoyo. Akisema mtoto wa nyumba, ataeleweka, hata kama watanung'unika kidogo. Kama kuna jambo la kihamba, yaani shamba la ukoo, au la kujengea kaburi linalotarajiwa kuzuka, ampigie kaka yake mkubwa wiki mbili kabla, aulize ajenda ni nini. Nimeona familia ikikaa kimya saa nzima kwa sababu mtu mmoja alishtukizwa na jambo ambalo wengine walilijua tangu Oktoba.

Na muombe jambo la pili, dogo: kila siku, mara moja, mtembee nyinyi wawili dakika 15 hadi barabarani na kurudi. Bila watoto, bila simu. Nyumba yenye watu 40 haina mahali pa kuvulia uso wa sikukuu, na mtu asiyeuvua siku nne mfululizo atauvuliwa na wengine.

Kuhusu usingizi nitasema machache. Anzeni safari siku moja mapema kama ruhusa ya kazini inawezekana, mlale njiani, hata nyumba ya wageni ya kawaida Korogwe au Same. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ya mwaka jana. Kahawa ya Kilimanjaro ni tamu, ila ikipita saa tisa alasiri iache, maana saa tano baadaye karibu nusu yake ingali kwenye damu. Mbege na bia huleta usingizi haraka, kisha huukatakata usiku wa manane, unaamka saa tisa moyo unadunda na mawazo yote yamekaa kitandani yanakusubiri. Onja kwa heshima, mbege ya sikukuu haikataliwi, lakini usiitumie kama dawa ya kulala.

Niseme pia jambo moja kwa uzito, hata kama huenda halikuhusu. Yote haya ni kwa nyumba yenye maneno makali na uchovu. Kama kuna mtu anakupiga, au anakutishia, au anawagusa watoto vibaya, pumzi si jibu, na kutokwenda mwaka huu si dhambi. Na kama huko kukosa usingizi kunaendelea zaidi ya wiki mbili, hamu ya kila kitu imeondoka, au mawazo ya kufa yanakupitia, usisubiri sikukuu ziishe, nenda hospitali ukamwone daktari na umwambie hivyohivyo bila kuficha.

Lililobaki ni lile la kutosemeshana. Mnakwenda kukutana jiko moja baada ya mwaka mzima wa kimya, na kimya hicho ndicho kinachokunyima usingizi leo, kuliko safari. Ukifika nacho, kila atakachosema tarehe 22 kitasikika kama neno la mwaka jana.

Wachaga wana isale. Umeliona, ule mmea mrefu wa majani ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya kihamba na kwenye makaburi. Anayekwenda kuomba radhi hubeba jani lake, na aliyeletewa isale hupata shida sana kukataa. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo mwaka wangu wa tatu, niliposhindwana na mke wa shemeji yangu kwa jambo la maziwa ya ng'ombe. Alichuma jani nyuma ya nyumba, akalifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, akaniwekea mkononi, hakusema neno. Nilitembea nalo hatua zisizozidi mia moja na zilikuwa ndefu kuliko njia ya kutoka Dar. Yule mama aliliona kabla hajaniona usoni. Hatukuongea habari ya maziwa kabisa. Alinipa kigoda, tukanywa kahawa. Leo ndiye wa kwanza kunipigia simu nikiugua.

Wewe si Mchaga, lakini ni mke wa huko, na kumbuka jibu baya na sufuria vilikuwa upande wako, hata kama neno lilikuwa upande wake. Omba radhi kwa kilicho chako tu. Usiombe kwa kilicho chake, na usisubiri aombe ili na wewe uombe. Mwulize mama mkwe au mwanamke mzee wa ukoo kama ni sawa ufike na isale, na nani akupeleke, kwa sababu mambo hayo yana utaratibu wake na kila upande wa mlima una namna yake.

Lakini usingoje hadi Rombo ndipo umsikie sauti. Mpigie wiki hii, mchana, saa ambayo mnajua nyote wawili hamna watu pembeni. Kaa chini kwanza, toa pumzi tano. Usitume ujumbe, ujumbe hauna sauti na atausoma kwa sauti atakayoichagua yeye. Akipokea, msalimie, mwulize watoto, kisha mwambie: “Wifi, mwaka jana nilikujibu vibaya mbele ya watu. Lile kosa ni langu, naomba unisamehe. Tunakuja tarehe 21.” Halafu nyamaza, umwache aongee. Huenda akalia, huenda akafoka dakika tano. Huenda akasema “sawa” na kukata. Yoyote kati ya hayo, utakuwa umemsikia ukiwa umekaa kwenye kiti chako Kimara, na tarehe 22 asubuhi mtakapokutana kwenye beseni la ndizi hamtakuwa mnaanza.